TIKITI YA KUPANGA FOLENI HATUNUNUI



Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita liliinuka jambo ambalo halikuwa katika ajenda. Mwenyekiti alilikata kwa sababu saa ya gari la jioni la Kikuyu ilikuwa imekaribia, na sisi tunaokaa Kibera, Kawangware na Dagoretti tulikwisha kuanza kutazama mlango. Maneno yalibaki nusu. Wengine waliondoka wakisema tumemwaibisha ndugu yetu mbele ya watu, wengine wakisema tunataka watu wafanye kazi bila ujira. Kwa hiyo tumeomba nafasi katika gazeti letu hili ili jambo lisemwe mpaka mwisho.

Sisi tunaoandika haya ni wachache ndani ya chama ambao baada ya kazi hushika kalamu. Wako wa karakana, yuko wa pointi, yuko anayekata tikiti. Twaandika hadithi, mashairi, na habari za wazee wetu waliofanya kazi ya reli kabla yetu. Sisi si wasomi. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi ya misheni, na Kiswahili chetu ndicho hiki mnachokiona.

Swali ni hili. Mfanya kazi aliyeandika kitabu, je, yampasa alipe ofisi fulani ili ofisi hiyo impelekee mswada wake kwa mawakala wa waandishi? Sisi twajibu: hapana, asilipe hata senti moja. Na twataka kueleza kwa nini, maana neno "hapana" peke yake halimfungui mtu macho.

Kwanza mjue wakala ni nani, kwa sababu mkutanoni tuliona wengine wanamchanganya na mchapishaji. Wakala wa waandishi ni mtu wa kati. Huko Uingereza na Marekani nyumba nyingi kubwa za vitabu hazipokei mswada kutoka kwa mtu wasiyemjua. Hupokea kwa mkono wa wakala. Wakala akikipenda kitabu chako, hukitafutia mnunuzi, huusoma mkataba, hudai pesa zako zikichelewa. Ujira wake ni fungu la mapato yako, na kawaida ni asilimia 15 kwa mauzo ya nchi ile na asilimia 20 kwa mauzo ya ng'ambo. Kitabu kisiponunuliwa, naye hapati kitu. Jumuiya ya mawakala wa Marekani imekataza katika kanuni zake mwanachama kumtoza mwandishi ada ya kumsomea mswada. Na mwandishi humwandikia wakala mwenyewe, kwa barua pepe, bure. Wakala akitaka atajibu, asipotaka atanyamaza. Mpaka hapo hatuna ugomvi na mtu.

Ugomvi wetu ni na mtu mwingine aliyejipachika kati ya mwandishi na huyo mtu wa kati. Huyu si wakala, hauzi kitabu, wala hachapishi. Asema: nipe pesa, nami nitakuandikia barua, nitakutafutia majina ya mawakala, nitakupelekea. Basi. Kazi yake inaishia pale anapobonyeza kitufe cha kutuma.

Sasa tueleze yaliyompata ndugu yetu. Jina lake hatulitaji kwa sababu ameaibika ya kutosha, na jina la ofisi hatulitaji kwa sababu yupo wakili anayengoja tulitaje. Ndugu huyu ni mtu wa pointi, ana watoto watatu, anakaa Kawangware. Babu yake alikuwa fayamani, mtu wa kuangalia moto wa injini, katika zile injini kubwa za Garratt za namba 59 zilizopewa majina ya milima. Moja ya hizo, 5918 Mount Gelai, mpaka leo imesimama pale makumbusho ya reli, na watoto wa shule huipanda Jumamosi. Kwa miaka mitano ndugu yetu aliandika habari za babu yake: joto la ndani ya injini usiku wa kupanda kutoka Mombasa, mishahara iliyotofautiana kwa rangi ya ngozi, mgomo, na siku mzee alipostaafu akapewa saa ya mkononi ambayo haikufika mwaka ikafa. Aliandika kwa Kiswahili, katika daftari nne kubwa. Tumezisoma, na twasema bila kupendelea kwamba ni kazi nzuri. Mna mambo humo ambayo vitabu vya historia ya reli havina.

Mwaka jana alionyeshwa tangazo katika simu. Ofisi ilikuwa katikati ya mji, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake haifanyi kazi. Alipokewa vizuri, akaketishwa kwenye kiti laini, akaitwa "mwandishi". Ndugu, msilicheke neno hilo. Mtu aliyeitwa "wewe" tangu asubuhi akiitwa "mwandishi" saa kumi jioni, mkono wake huenda mfukoni wenyewe. Alilipa Shs. 3,500/- za kuandikishwa. Baadaye Shs. 6,000/- za kusomewa. Baadaye Shs. 5,000/- za kuandikiwa barua ya kujitambulisha kwa Kiingereza. Mwisho Shs. 10,000/- za kupelekewa kwa mawakala 50 wa London na New York. Jumla Shs. 24,500/-. Alizipata kwa mkopo wa Sacco ambao alikuwa ameuomba kwa karo ya binti yake, na binti alikaa nyumbani wiki tatu mwanzoni mwa muhula.

Majibu yalikuja mawili. La kwanza lilitoka kwa mashine, likisema barua imefika na asiyejibiwa katika wiki kumi ajue amekataliwa. La pili liliandikwa na mtu, kwa adabu, akisema kwamba anasikitika, katika ofisi yao hakuna asomaye lugha hii.

Hakuna asomaye lugha hii! Kitabu kizima cha Kiswahili kilikuwa kimepelekwa kwa watu 50 wasiojua Kiswahili. Yule bwana wa ghorofani alijua hivyo, maana alilipwa Shs. 6,000/- za kusoma. Ama alisoma akaona ni Kiswahili akanyamaza, ama hakusoma. Achague mwenyewe lipi kati ya hayo mawili lina heshima zaidi. Ndugu yetu alipopanda ngazi kuuliza, aliambiwa alipe Shs. 8,000/- apelekewe mara ya pili, kwa mawakala "walio bora".

Sasa twende kwa wale waliotupinga mkutanoni, maana hoja zao hazikuwa za kipumbavu.

Ndugu mmoja wa karakana, mtu tunayemheshimu, alisema hivi: Ninyi ni watu wa chama. Mnasema kila siku kwamba kazi ilipwe. Yule kijana wa ofisini aliketi, aliandika barua, alitafuta anwani. Hiyo si kazi? Mbona sasa mnasema asilipwe?

Hoja hii ilitukosesha usingizi, na jibu letu ni hili. Ndiyo, kazi ilipwe. Mmoja wetu alipotaka mashairi yake yapigwe chapa, alimlipa kijana wa saiba pale Kawangware Shs. 40/- kwa kila ukurasa, na alipokosea ukurasa akaurudia bila malipo. Mwandishi wa barua aliyekuwa akikaa na taipu nje ya Posta alilipwa, na barua uliiona kwa macho yako ikitoka kwenye mashine. Mpiga chapa hulipwa. Mhariri anayekuketisha na kukuonyesha sura yako ya tatu imelala, naye alipwe, ikiwa umemwita mwenyewe na mmepatana bei. Vilevile mwenye mashine ya kuchapa. David Maillu alipoanzisha Comb Books hapa Nairobi miaka ya 1970 alitoa vitabu vyake mwenyewe, na yaliyoandikwa humo wengine waliyachukia, hata Tanzania ikapiga marufuku baadhi yake mwaka 1976. Lakini pesa ya mchapaji ilirudi ikiwa kitabu, chenye jalada, kinachouzwa barabarani. Katika mambo haya yote unalipia kitu ambacho unaweza kukiweka mezani na kukikagua.

Yule bwana wa ghorofani anauza nini? Anauza matumaini ya jibu ambalo haliko mkononi mwake. Akipeleka kwa wakala anayefaa au kwa duka la samaki, Shs. 10,000/- ni zake. Kitabu kikikubaliwa haongezewi kitu, kikikataliwa hapunguziwi kitu. Fanyeni hesabu, ndugu. Wakala anayekula asilimia 15 ya kitabu kilicholeta Shs. 200,000/- atapata Shs. 30,000/-, na kikileta sifuri, naye apata sifuri. Kwa hiyo hatachukua kitabu asichoweza kukiuza, na akikichukua atahangaika nacho. Mtu wa ghorofani akipata waandishi wanne kwa mwezi kama ndugu yetu ana Shs. 98,000/-, na haijalishi kama kuna hata mmoja aliyechapishwa. Tena afadhali wakataliwe, ili walipe mara ya pili. Mtu ambaye kushindwa kwako ni faida kwake, utamkabidhije mzigo wako?

Ni kama mtu aje akae nje ya stesheni yetu pale Haile Selassie Avenue, akuuzie tikiti ya kupanga foleni ya kununua tikiti. Foleni ni ya bure. Hakuna karani wa reli aliyemtuma. Nawe ukifika dirishani na kikaratasi chake, karani atakuuliza: hiki ni nini?

Hoja ya pili tuliisikia kwa vijana. Walisema matajiri wanalipa ili wapite mbele, basi maskini akikataa kulipa atabaki nje milele. Vijana wetu wamezoea mji huu, ambako kila dirisha lina mtu wa pembeni, na hatuwalaumu kwa kufikiri hivyo. Lakini kwa mawakala sivyo ilivyo. Barua iliyotumwa kwa watu 50 kwa pamoja, haina jina la anayeandikiwa, haionyeshi kwamba aliyeituma anajua wakala huyo anauza vitabu vya namna gani, hiyo hutupwa kwanza. Umelipa ili urudishwe nyuma. Wakala huandika wazi mahali pake anachokitaka: kurasa ngapi, vitabu vya aina gani, barua iweje. Mtu asiyejua Kiingereza vizuri atafute mwanachama mwenzake au mwalimu wa jirani amsaidie. Kuna magazeti ya fasihi ng'ambo yanayotoza dola mbili tatu kusoma hadithi, nasi hatuyaiti wezi, ingawa hatuyapendi. Mfanya kazi wa Nairobi akihesabu dola hizo kwa mkate ataona ni mikate mingapi.

Katika shule ya misheni tulisomewa habari za wauza njiwa hekaluni. Tulipokuwa wadogo hatukuelewa kwa nini hasira ilikuwa kubwa vile, maana njiwa ni njiwa na mtu aliyahitaji. Sasa twaelewa. Walikuwa wamekaa mlangoni.

Na jambo hili chama lilikwisha kulijua kabla ya sisi kuzaliwa, kwa upande wa kazi. Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mkataba mwaka 1933 wa kukomesha ofisi za kutafutia watu kazi zinazotoza ada kwa ajili ya faida. Mkataba wa mwaka 1997, namba 181, unasema katika kifungu cha 7 kwamba ofisi ya kuajiri isimtoze mfanya kazi ada yoyote, ya wazi wala ya kificho. Sababu yake ni nini? Ni kwamba mwenye njaa ya kazi atalipa chochote aambiwacho, na anayejua njaa hiyo ataipandishia bei. Waulizeni dada zetu walioondoka Kangemi kwenda kazi za nyumbani Uarabuni, waliouza mbuzi na kukopa ili wamlipe wakala wa hapa mjini kabla ya kuona mlango wa ndege. Mwenye mswada naye ana njaa, ingawa ni njaa ya namna nyingine. Twashangaa mwanachama akubali kwa kalamu yake jambo ambalo kwa mikono yake analikataa.

Wengine watauliza: kama si huko, twende wapi? Hapa ndipo tulitaka kufika. Kwa mwandishi wa Kiswahili aliye Nairobi, wakala hana haja naye kabisa. Mawakala ni desturi ya London na New York. Wachapishaji wa hapa hupokea mswada kwa mkono wa mwandishi mwenyewe, husoma, na wakiukubali humwandikia mkataba wa fungu la mauzo, mara nyingi kama asilimia 10. Watachelewa, hilo twakubali, na wanapenda vitabu vya shule kuliko hadithi. Lakini mchapishaji wa kweli hakuombi pesa.

Na imekuwa hivyo tangu zamani. Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, ilianza kazi Nairobi mwaka 1948. Ilikuwa ofisi ya wakoloni, na maneno ya siasa iliyaogopa kama ukoma. Hata hivyo mwaka 1957 ilitoa mchezo wa Kiswahili wa Henry Kuria, Nakupenda, Lakini, ambao aliuandika akiwa mwanafunzi pale Alliance, Kikuyu, karibu na stesheni yetu. Idara hiyo ilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, mwaka ule ule ilipovunjika Reli ya Afrika Mashariki, na ya Kenya ndiyo leo Kenya Literature Bureau. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwaka 2025, naye alipita Alliance. Mwaka 1962, akiwa mwanafunzi wa Makerere, alimpa Chinua Achebe mswada wake mkononi katika mkutano wa waandishi pale Kampala. Mswada huo ndio Weep Not, Child wa mwaka 1964. Mswada ulitoka mkono mmoja ukaingia mkono wa pili, na katikati hapakuwa na ghorofa ya nne.

Msiseme hayo ni ya zamani. Mwaka 2012 Kwani?, kikundi cha waandishi wa mji huu kilichoanza mwaka 2003, kilitangaza shindano la miswada. Jennifer Makumbi wa Uganda, aliyekuwa akiishi Manchester, alikuwa na kitabu ambacho Waingereza walikikataa kwa kusema kina Uafrika mno. Alikileta Nairobi. Mwaka 2013 kikashinda, zawadi Shs. 300,000/-, na kikatoka kwa jina la Kintu. Mwaka 2014 hadithi yake fupi ikashinda tuzo ya Jumuiya ya Madola. Tuzo hiyo haina ada ya kuingia, hutolewa kila mwaka, na inapokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, za maneno 2,000 hadi 5,000. Tusomeni mara ya pili: inapokea Kiswahili! Ndugu yetu angeweza kukata sura moja ya daftari la pili, ile ya usiku wa Garratt kukwama bila maji, akaipeleka bila kukopa. Viko pia vitabu vilivyopita katika tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa msaada wa viwanda vya mabati vya Kenya na Tanzania pamoja na chuo cha Cornell, na hiyo ni ya Kiswahili peke yake, hadithi na mashairi.

Jambo moja zaidi, kwa sababu limewatisha wengi. Bwana wa ghorofani humwambia kila anayemjia kwamba zile Shs. 3,500/- za kuandikishwa ni za "kulinda haki". Ni uongo. Kwa sheria ya Kenya haki ya mwandishi ni yake tangu anapoandika neno kwenye karatasi, na hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Anayetaka kuisajili aende mwenyewe kwa bodi ya serikali ya hakimiliki, lakini asiposajili haki haipotei.

Sasa tuliyoamua sisi wenyewe, bila kungoja mkutano ujao. Ndugu yetu anazo risiti nne, zina mhuri. Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, saa nne asubuhi, tutapanda naye ngazi zile, watu sita. Hatutapiga kelele wala hatutatukana mtu. Tutadai Shs. 6,000/- za kusoma na Shs. 10,000/- za kupeleka, na barua ya Kiingereza tutawaachia kwa kuwa iliandikwa kweli. Atakayekuja nasi avae nguo za kazi.

Daftari nne zimeanza kupigwa chapa. Mpaka Jumapili iliyopita kurasa 61 zilikuwa tayari, na mwenye nafasi ya kusaidia kusoma makosa aje chumba cha chama Alhamisi baada ya zamu ya mchana. Walete na miswada yao wale wanaoificha chini ya godoro. Tutasoma, tutasema ukweli, na chai kila mtu ajinunulie.